Wimbo Hautozwi Ushuru

Mpakani baina ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda iko njia moja ambayo wenyeji huiita Petite Barrière, na katika siku za salama maelfu ya watu huivuka kwa miguu tangu alfajiri: akina mama wenye mabeseni ya nyanya na vitunguu kichwani, walemavu waendeshao baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni magunia hata mwendeshaji haonekani, wanafunzi, mafundi, na wasafiri wasio na mzigo ila mwavuli. Hapo kila kitu hufunguliwa, huulizwa jina lake na kilikotoka, hupimwa na kukadiriwa ushuru. Na afisa wa forodha, ambaye kazi yake ni kutofautisha, hawezi kulaumiwa akitaka kujua kama viazi hivi ni vya Rwanda au vya Masisi. Lakini mama yuleyule aliyepekuliwa beseni lake mpaka chini, akiondoka hali anavumisha wimbo puani, hakuna amwulizaye wimbo ule ni wa nchi gani. Na lau angeulizwa asingekuwa na jibu, kwa kuwa maneno yake ni ya Kilingala na Kiswahili, mdundo wake umepita Lagos, gitaa lake lakumbuka Havana, na kijana aliyeuimba alizaliwa katika mji huuhuu wa Goma.

Jambo hilo dogo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Siku hizi watu wengi hustaajabia wanamuziki wa mataifa mbalimbali wanaochanganya mitindo yao hata muuza santuri asijue aziweke katika rafu gani, na aghalabu mastaajabu hayo hutamkwa kana kwamba mchanganyiko ni uzushi wa zama za intaneti. Mimi nataka kumwonyesha msomaji, kwa mfano wa Goma na nchi ya Kivu, kwamba mchanganyiko ndio uliotangulia, na majina ya aina za muziki yalifuata nyuma, yakiletwa na watu waliokuwa na haja ya kuuza, kuhesabu na kupanga. Pamoja na hayo nina neno moja la tahadhari, maana si kila achanganyaye huchuma faida. Wazee wa pwani walisema mkono mtupu haulambwi, na katika biashara ya nyimbo methali hiyo ndiyo sheria kuu.

Mji wa mawe meusi

Goma imekaa baina ya maji na moto. Kusini yake ni Ziwa Kivu, na kaskazini ni mlima wa volkano uitwao Nyiragongo, ambao tarehe 17 Januari 2002 ulitapika mto wa moto uliopita kati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ukatapika tena, moto ukasimama katika viunga vya mji. Baada ya kila msiba watu walirudi, wakayavunja mawe meusi yaliyokwisha kupoa, wakayajengea kuta na nyumba palepale yalipomwagikia. Katika barabara zake hupita chukudu, chombo cha mbao kinachofanana na baiskeli lakini hakina pedali wala mnyororo, kilichochongwa kwa mkono na kuvishwa magurudumu yake vipande vya mpira wa gari uliochakaa, nacho hubeba makaa, kabichi na viazi kutoka vilimani, hata wakazi wakaona haki kukisimamishia sanamu katikati ya mji. Nayataja haya kwa sababu muziki wa Goma umejengwa kwa kawaida hiyohiyo: vitu vilivyokuja bila ya kualikwa vilingojwa vipoe, vikakatwa kwa kipimo cha haja, vikatiwa kazi.

Lugha zake nazo ni hivyo. Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliovuka Tanganyika wakafanya maskani yao Kasongo na Nyangwe, kisha kikabaki baada ya wenyewe kuondoka, kikawa lugha ya soko na ya ujirani. Kilingala kilikuja na askari na santuri za Kinshasa. Kifaransa kilikuja na shule na ofisi. Na majumbani kumebaki Kinande, Kihunde, Kishi, Kinyarwanda na nyinginezo. Mtoto wa mtaa wa Majengo au wa Birere aweza kumwamkia bibi yake kwa lugha ya mama, akaenda kununua mkate kwa Kiswahili, akakariri somo kwa Kifaransa, na jioni akacheza kwa Kilingala, asihisi hata mara moja kwamba amevuka mpaka wowote. Mtoto kama huyo akikua akashika gitaa, mwataka aimbe kwa lugha gani, na kwa mdundo wa nani? Yeye hachanganyi kwa makusudi ya kuwashangaza watu. Anasema tu jinsi nyumba yao isemavyo.

Nasaba ya rumba na ya taarabu

Wako watu waungwana, wapenzi wa mila, wanaohofu kwamba kuchanganya ni kuharibu, na hofu yao yastahili kusikilizwa kwa adabu. Ila jambo moja huwapita: yale wanayoyalinda kama asili yalikuwa, katika siku za babu zao, ni mchanganyiko uliolaumiwa.

Tutazame rumba, ambayo leo ni fahari ya Kongo zote mbili, na ambayo mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya turathi za wanadamu. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Kongo na Angola walifika Cuba mikono mitupu kwa macho ya bwana wao, ila vichwani mwao mlikuwa na ngoma. Huko ngoma hizo zikakutana na gitaa la Kihispania, zikazaa muziki mpya. Tangu miaka ya 1930 muziki huo ukarudi Afrika ndani ya santuri, ukapigwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na Brazzaville, na vijana wa huko wakaupokea kwa uchangamfu wa mtu aliyemtambua ndugu yake aliyepotea. Wako wasemao kwamba hata jina rumba latokana na nkumba, neno la Kikongo lenye maana ya kitovu. Joseph Kabasele na African Jazz yake, kisha Franco na OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956, waliushika muziki huo wa Cuba wakauvua maneno ya Kihispania wakauvika Kilingala. Na uhuru ulipokaribia, mwezi wa Januari 1960, kundi la Kabasele lilikuwa Brussels pamoja na wajumbe wa Kongo, na wimbo walioutunga huko, "Indépendance Cha Cha", ulipokewa Afrika nzima kama bendera, ingawa mtindo wake wa cha-cha ulitoka ng'ambo ya Atlantiki.

Lakini walichoongeza wenyewe ni sebene, nayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akasimulia habari ya penzi au ya dhiki. Kisha, beti zikikwisha, sauti hunyamaza na magitaa hushika hatamu. La kwanza, liitwalo rithimu, hushikilia chini mwendo usiobadilika. La pili, mi-solo, hujaza katikati kwa noti zinazojibizana na lile la kwanza. La tatu, solo, huokota kifungu kifupi cha noti chache, likakirudia na kukizungusha, likakigeuza kidogo tu kila mzunguko, hata msikilizaji aliyekuwa ameketi hajui ni wakati gani alisimama. Mtu aliyezoea likembe, kile kisanduku chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, haoni ugeni katika jambo hili, kwa kuwa likembe nayo huenda hivyo, ikizunguka kifungu chake kama mwanamke atwangaye. Basi gitaa la Kihispania lilifika Kongo likafundishwa kusema kama likembe, na hilo ndilo lililoifanya rumba ya Kongo isiwe nakala ya Cuba.

Mashariki, mafunzo hayohayo yalitolewa na mtu mmoja peke yake. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930, alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikiimba juu yake, hata asiyeona akadhani ni watu wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akamrekodi akiimba "Masanga" kwa Kiswahili; santuri hiyo ikasafiri, na wapiga magitaa wa Nairobi wakaketi kuifuata noti kwa noti. Hakuwa na bendi wala umeme, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia kama aliyoyapiga yalikuwa ya kizungu au ya kienyeji.

Na taarabu je, ambayo sisi wa pwani huiona kama johari ya nyumbani? Hukumbukwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga ala iitwayo kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa ikaundwa mwaka 1905. Na mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa katika umaskini wa shamba, akapanda chombo akaenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ala na mahadhi ya Kiarabu. Baadaye kodiani na tuni za filamu za Kihindi zikaingia ndani. Misri, Uhindi na Ulaya zote zimo katika taarabu, na nani leo atathubutu kumwambia Mzanzibari kwamba taarabu si yake? Ni yake kwa sababu shairi ni lake, na shairi ndilo lililozikaribisha ala hizo zote.

Wana wa Kivu ughaibuni

Kabla ya mwaka 1988 Kivu ilikuwa jimbo moja kubwa, nalo ndilo lililogawanywa likazaa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kutoka katika nchi hiyo moja ya zamani wametoka watu wawili ambao kila mmoja aliivunja mipaka kwa njia yake.

Wa kwanza ni Ramazani Mtoro Ongala, aliyezaliwa karibu na Kindu mwaka 1947, na ambaye Watanzania humjua kama Dokta Remmy. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Alikuja na gitaa la Kongo, ila aliukuta mji ambao watu wake husikiliza maneno kabla ya kucheza. Basi akaunganisha mambo mawili yaliyokuwa hayajazoeana, sebene ya kuchezesha na mashairi ya Kiswahili yenye kufikirisha, akaimba habari za kifo, za ubaguzi, za ufukara, na hata za kinga ya ukimwi katika wakati ambao jambo hilo lilitamkwa kwa kunong'ona. Mtindo wake aliuita ubongo, kwa kuwa alikusudia uingie kichwani, si miguuni peke yake.

Hapa ndipo habari ya majina inapoonekana wazi. Mwaka 1987, katika baa moja ya London iitwayo Empress of Russia, wenye kampuni ndogo za santuri walikutana kuzungumza shida iliyowasumbua: walikuwa na muziki wa Mali, wa Bulgaria, wa Pakistan na wa Zaire, ndiyo Kongo ya siku zile, na wenye maduka hawakujua wauweke wapi. Wakakubaliana juu ya jina moja la kuandika kwenye rafu, muziki wa dunia, na jina hilo likashika. Mwaka uliofuata Remmy alikwenda Uingereza kupiga katika tamasha la WOMAD, na albamu zake mbili, "Songs for the Poor Man" ya 1989 na "Mambo" ya 1992, zilitolewa na kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, zikatiwa katika rafu hiyo pamoja na Wabulgaria. Siwalaumu wale wenye santuri, maana bila ya rafu yao huenda mzungu asingemsikia Remmy kabisa. Lakini tujue jina lile lilikuwa ni jibu la shida ya muuza duka. Nyumbani Dar es Salaam watu hawakuhitaji rafu. Walipita Sinza, wakashuka katika kituo cha basi ambacho mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake cha tarehe 13 Desemba 2010, makondakta hukiita Sinza kwa Remmy.

Wa pili ni Lokua Kanza, aliyezaliwa Bukavu, upande wa pili wa ziwa, mwaka 1958, baba yake akiwa Mmongo wa Kongo na mama yake akiwa Mnyarwanda. Msomaji anayejua misiba iliyozipata nchi hizo mbili baadaye atafahamu kwamba nasaba kama hiyo si jambo dogo. Alilelewa katika kwaya, akapiga gitaa Kinshasa katika bendi ya Abeti Masikini, na mwaka 1984 akahamia Paris. Huko, wakati ambapo kila mtu alitazamia kwamba mwanamuziki wa Kongo atakuja na magitaa matatu na wachezaji wa kutikisa viuno, yeye alitoa mwaka 1993 albamu ya utulivu, gitaa moja na sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa lugha za kwao. Waliouliza kama hiyo ni rumba walijibiwa kwamba siyo. Waliouliza kama ni jazi walijibiwa kwamba siyo. Na wale walionyamaza wakasikiliza walisikia kwaya ya Jumapili. Mwaka 2004 alishirikiana na Richard Bona wa Kameruni na Gerald Toto, mzaliwa wa Ufaransa mwenye asili ya Martinique, wakaimba kama watu wa nyumba moja.

Na mtu wa tatu hakuzaliwa Kivu, ila aliibeba Kivu katika jina lake. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi karibu na bahari ya magharibi, alipita Uganda akafika Nairobi mwaka 1977, na bendi aliyoiunda huko akaiita Orchestra Virunga, kwa jina la milima ileile ya moto inayoonekana kutoka madirishani mwa Goma. Magitaa yalikuwa ya Kongo, saksafoni ilikuwa na lafudhi ya Nairobi, na maneno yalikwenda huku na huku baina ya Kilingala na Kiswahili. Hata leo wazee wa Nairobi wakisikia "Malako" husema ni muziki wa kwao, nao hawakukosea.

Jukwaa la Goma

Turudi sasa mlimani. Mwezi wa Februari 2014, miezi michache tu baada ya waasi wa M23 kushindwa, lilifanyika Goma kwa mara ya kwanza Tamasha la Amani, katika uwanja wa shule ya Mwanga, na watu kwa maelfu wakaja katika mji ambao mwaka mmoja na kitu nyuma ulikuwa umetekwa. Wageni kutoka nchi nyingine za Afrika walipanda jukwaa moja na vijana wa mitaa ya Goma, na makundi ya kucheza yakashindana mchana kabla ya magitaa ya usiku. Kwa siku tatu hotuba zilikuwa chache, na jambo lililoonekana kwa macho ni hili, kwamba vijana ambao wazee wao waliambiwa hawawezi kukaa pamoja walikuwa wakicheza mdundo mmoja bega kwa bega.

Tamasha halikuota jangwani. Kwa miaka mingi kituo cha Yole!Africa, kilichoasisiwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kilikuwa kimewafundisha vijana dansi, filamu na muziki. Foyer Culturel ilikuwa na darasa zake. Baadaye washairi wa jukwaani wa Goma Slam Session nao wakatia mashairi yao katika mdundo wa hip hop. Na nyuma ya wote walikuwako walimu wasiotajwa, yaani kwaya za makanisa, ambamo mtoto hujifunza bila ada kushika sauti yake wakati jirani ameshika nyingine. Mtu akitaka kujua mwimbaji wa Kivu alisomea wapi, aulize kwanza alisali wapi.

Katika mji huo alizaliwa mwaka 1997 Innocent Didace Balume, ajulikanaye kama Innoss'B. Alianza utotoni kuimba na kaka zake katika kundi la Maisha Soul, na mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 13, alishinda shindano la waimbaji la Vodacom. Mwaka 2019 alitoa "Yope", maneno ambayo kwa Kilingala maana yake ni wewe pia, kisha akaurudia wimbo huo pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, na picha zake zikatazamwa katika YouTube zaidi ya mara milioni 100. Ukiusikiliza kwa makini utatambua kwamba mdundo wa chini ni wa zile ngoma za kompyuta zilizotoka Nigeria na Ghana. Gitaa linalozunguka juu yake ni sebene iliyofupishwa. Innoss'B aimba kwa lugha za Kongo, na Diamond aingia na Kiswahili cha Tandale, mtaa wake wa Dar es Salaam, wala hapana aonekanaye mgeni. Mwenyewe huuita mtindo wake Afro Congo. Mwenye kudai kwamba huo ni uasi dhidi ya rumba na akumbuke Kabasele na cha-cha yake.

Hata hivyo ningedanganya kama ningesema kwamba njia ni nyeupe. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa tena na M23, na tarehe 13 Februari mwaka huohuo mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo za kulalamikia vita na watawala, na ambaye kwa ajili ya nyimbo hizo alikuwa amekaa gerezani, alipigwa risasi akafa katika mtaa mmoja wa mji huo, akiwa katika kazi ya kutengeneza video ya wimbo. Nilisema wimbo hautozwi ushuru, na ni kweli. Ila mwimbaji hutozwa, na wengine hutozwa roho. Basi tusiyazungumze mambo ya mchanganyiko wa muziki kama watu wanaozungumza rangi za vitambaa.

Mkono mtupu

Sasa nifike kwenye tahadhari niliyoiahidi. Kompyuta imeleta neema kubwa, kwa kuwa kijana wa mtaa wa Ndosho, Goma, aliye na simu na vipaza sauti vya masikioni aweza kurekodi wimbo ambao zamani ungehitaji studio ya Kinshasa au Nairobi. Lakini neema hiyo imekuja na mtego: biti ileile iliyotengenezwa mbali hununuliwa au huokotwa Goma, Kampala, Mwanza na Bujumbura katika juma moja, na juu yake kila mmoja huimba kwa sauti iliyonyooshwa na mashine ileile. Wote wamechanganya, na wote wamefanana. Ni kama gulio ambalo kila mtu amekwenda na kapu tupu akitarajia kubadilishana. Jioni kila mtu hurudi na kapu lake tupu, na kelele za gulio tu masikioni.

Mfano wa kinyume uko Kinshasa. Mawangu Mingiedi, mpiga likembe, alitaka ala yake isikike katikati ya makelele ya mji. Hakuwa na fedha za vyombo vya dukani. Basi yeye na wenziwe wakachukua sumaku katika vipuri vya magari mabovu, wakazungushia nyaya, wakaunda vinasa sauti vya kupachika kwenye likembe, wakaviunga na vipaza sauti vikuukuu. Sauti ikatoka kubwa, ikatoka pia na mikwaruzo na mvumo ambao hawakuukusudia, wakaona vyema kuuacha. Albamu ya kundi lake, Konono No. 1, iliyoitwa "Congotronics", ilipofika Ulaya mwaka 2004, wapenzi wa muziki wa mitambo waliipokea kama jambo jipya kabisa, na mwaka 2007 Björk wa Iceland akawatia katika wimbo wake. Mingiedi hakuwa ameisikia mitambo ya wazungu akaiiga. Alikuwa na likembe, alikuwa na haja, na alikuwa na gari bovu. Wageni ndio waliokuja kumfuata, kwa kuwa mkononi mwake mlikuwa na kitu.

Ukiwatazama wote niliowataja utaona jambo hilo moja. Mwenda alikuwa na nyimbo za Katanga kabla ya kuwa na gitaa; Siti alikuwa na shairi kabla ya kuwa na Bombay; Lokua alikuwa na kwaya kabla ya kuwa na Paris; Remmy alikuwa na dhiki za watu wake kabla ya kuwa na Real World. Kila mmoja alipofika gulioni alifunua kapu, na ndiyo sababu akarudi na kitu ambacho hakikuwako duniani.

Kwa hiyo nina ombi kwa kijana wa Goma, na wa Bukavu, Kigoma, Mombasa au popote makala haya yatakapomfikia. Usiogope kuchanganya, wala usimwombe mtu ruhusa. Lakini kabla ya kununua biti nyingine, nenda siku moja kwa bibi yako, au kwa mzee yeyote aliyebaki mwenye kujua, umwombe akuimbie wimbo ule aliomlazia mama yako. Na kama katika milima ya kwenu yuko apigaye inanga, kile kibao kilichochimbwa kama mvungu, chenye uzi mmoja mrefu uliopitishwa huku na huku hata ukawa nyuzi saba au nane, keti miguuni pake mpaka vidole vyako vijue mwendo mmoja tu. Uurekodi kwa simu hiyohiyo. Wazee hao ni wachache, vita na moto wa mlima vimewapunguza, na kila mwaka wapungua tena. Kisha uende zako na Mnigeria, na Mfaransa, na Mtanzania, ukachanganye upendavyo, nami nakuhakikishia kwamba hutalazimika kuwaeleza wewe ni nani.